Knights of Columbus: kutoka mchango wa msiba hadi ubishi wa Seneti

Ungewaona kwenye gwaride la sikukuu kabla hawajabadilisha sare mwaka 2017, ungedhani ni kikosi kilichotoroka enzi za wafalme: wanaume wa makamo wenye majoho mafupi mabegani, upanga kiunoni na kofia za manyoya meupe. Ukifuatilia habari zao za fedha, utakutana na shirika la bima ya maisha lenye mikataba ya zaidi ya dola bilioni 100. Kwenye kurasa za siasa jina lao limo katika harakati za kupinga utoaji mimba. Na ukimuuliza Mkatoliki wa kawaida wa Ohio, atakwambia ni wale wazee wanaokaanga samaki kwenye ukumbi wa parokia Ijumaa za Kwaresima.

Wote hao ni Knights of Columbus, chama cha udugu cha wanaume Wakatoliki chenye wanachama wapatao milioni 2. Wanaokiandika wengi huchukua sura moja na kuziacha nyingine, ndiyo maana huyu atakisifu kama kundi la watu wa huruma na yule atakishtaki kama jeshi la siasa la Kanisa. Mimi naona sura zote zina chimbuko moja. Hiki ni chama kilichoanza kwa kuchangia misiba ya watu waliodharauliwa. Swali la nani atawatunza wajane wetu halikuchukua muda kuzaa swali lingine: nani hasa ni Mmarekani?

Chini ya kanisa, New Haven

Katika miaka ya 1870 Wakatoliki wa New Haven, Connecticut, wengi walikuwa Waayalandi na watoto wao, watu wa viwandani na vibarua. Walipojenga kanisa lao la St. Mary's kwenye Hillhouse Avenue, mtaa wa matajiri jirani na Chuo Kikuu cha Yale, gazeti la New York Times la Julai 1879 lilitoa habari yenye kichwa kilichosema kwamba mtaa wa waungwana umetiwa doa na jengo la kanisa la Kirumi. Hiyo haikuwa barua ya msomaji mwenye hasira zake. Kilikuwa kichwa cha habari cha gazeti kubwa.

Paroko msaidizi hapo alikuwa Padre Michael McGivney, mzaliwa wa Waterbury, mji wa jimbo hilohilo, mwaka 1852. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya 13, na sita kati yao walifariki wakiwa wadogo. Baba yake, mhamiaji kutoka Ayalandi aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha shaba, alifariki mwaka 1873 wakati kijana akiwa seminari Montreal. Ilibidi arudi nyumbani kumsaidia mama yake. Alipopata upadrisho mwaka 1877 na kupangiwa New Haven, hakuhitaji kuhadithiwa maana ya nyumba kuondokewa na mwenye kipato.

Na sheria ilizidisha uchungu. Familia iliyofiwa na baba, ikishindwa kuonyesha mahakamani nani ataitunza, watoto wangeweza kutawanywa. Februari 1882 Padre McGivney mwenyewe alisimama mbele ya mahakama ya mirathi ya New Haven na kukubali kuwa mlezi wa kisheria wa Alfred Downes, kijana wa familia iliyofiwa na baba. Padre mmoja anaweza kumwokoa kijana mmoja hivyo, au wawili. Hawezi kuiokoa parokia nzima.

Wakati huo alikwishaanza kutafuta njia nyingine. Tarehe 2 Oktoba 1881 alikutana na wanaume wachache katika chumba cha chini cha St. Mary's. Alikwenda Boston kuangalia chama cha Wakatoliki kilichoitwa Foresters, akaangalia na kingine cha Brooklyn, akitaraji kufungua tawi tu. Haikuwezekana, basi wakaunda chao. Tarehe 29 Machi 1882 Bunge la Connecticut lilikipa hati ya usajili.

Msomaji wa kwetu ataelewa haraka chombo chenyewe kilikuwa nini: chama cha kufa na kuzikana. Mwanachama akifariki, kila mwenzake alitoa dola 1, na mjane alikusudiwa kupata dola 1,000. Wanachama walipozidi 1,000, kiwango cha kila mmoja kilishuka. Aliyeugua akashindwa kwenda kazini angeweza kupata hadi dola 5 kwa wiki kwa wiki 13. Kwa kibarua wa wakati ule dola 1 haikuwa mbali na ujira wa kutwa, kwa hiyo mchango huu uliumiza. Lakini mjane aliyeshika dola 1,000 hakuwa wa kuhurumiwa tena mahakamani.

Mpango huo ulikuwa na ufa. Kijana wa miaka 20 alichanga sawasawa na mzee wa miaka 45, na mzee ndiye aliyekaribia kuchangiwa. Kadiri chama kinavyozeeka misiba huongezeka, michango hupanda, vijana hukimbia, na kinachobaki ni wazee wanaozikana bila mtu wa kuwazika wao. Vyama vingi vya udugu vya Marekani ya karne ya 19 vilikufa kwa ugonjwa huu. Knights walihama hatua kwa hatua kutoka mchango wa msiba kwenda bima ya kweli, yenye malipo yanayopangwa kwa umri na akiba inayowekezwa. Katika miaka ya 1890 waliruhusu pia wanachama wasiotaka bima, wanaotaka udugu tu. Habari za hesabu hazina mvuto wa mapanga, lakini bila hizo hakuna kingine chochote cha kusimulia. Ni fedha za bima zilizokipa chama uhai mrefu, jengo la ghorofa 23 New Haven, na uwezo wa kulipa mawakili.

Kwa nini Columbus

McGivney alipendekeza jina la Wana wa Columbus. James Mullen, askari wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe aliyekuja kuwa mkuu wa kwanza wa chama, ndiye aliyetaka Knights, yaani mashujaa wa kale wenye kiapo na heshima. Columbus hakubishaniwa, na chaguo hilo lilikuwa la werevu mkubwa. Waprotestanti wenye asili ya Kiingereza walijihesabu wenye nchi kwa sababu babu zao walishuka na meli ya Mayflower mwaka 1620. Wakatoliki wakajibu kwa kumtaja Mkatoliki aliyefika 1492, tena mtu ambaye Wamarekani wote wakati ule walimtukuza kiasi cha kuliita eneo la mji mkuu wao, District of Columbia, kwa jina lake. Usingeweza kumtukana Columbus bila kuitukana Marekani. Alikuwa ngao.

Upande wa ibada za ndani walitazama kwa jirani. Mmarekani wa tabaka la kati wa zama zile alikuwa na chama chake cha usiku chenye ngazi, ishara na maneno ya siri, na humo alipata marafiki, kazi na bima. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa Freemason, ambacho Kanisa lilikikataza kwa waamini wake tangu 1738, na Papa Leo XIII akakipiga vita tena kwa waraka wa 1884. Knights wakampa Mkatoliki mambo yaleyale bila kumtoa kwenye sakramenti: ngazi tatu za upendo, umoja na udugu, na mwaka 1900 wakaongeza ya nne, ya uzalendo. Wenye mapanga ni hao wa ngazi ya nne.

Ila siri nayo ina gharama yake. Ukifunga mlango, walio nje watajitungia yanayofanyika ndani.

Kiapo cha uongo

Karibu mwaka 1912 kilianza kusambazwa mikononi kijikaratasi kilichodai kuwa kina kiapo cha siri cha ngazi ya nne. Mwapaji, kilisema, huahidi kuwapiga vita wazushi wote na Waprotestanti, kuwanyonga, kuwachoma, kuwachemsha na kuwazika hai kila apatapo amri. Maneno yalikuwa yametoholewa kutoka kiapo kingine cha kughushi, cha zamani zaidi, walichokuwa wakizushiwa Majesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki.

Angalia jinsi uongo ulivyopata muhuri. Eugene Bonniwell, Mkatoliki wa Pennsylvania, alishindwa uchaguzi wa Bunge la Wawakilishi mwaka 1912. Alipopeleka malalamiko, aliambatisha kijikaratasi hicho kama ushahidi wa kashfa alizofanyiwa. Kamati ya Bunge ikakiweka ndani ya ripoti yake, na tarehe 15 Februari 1913 ripoti ikachapishwa katika kumbukumbu rasmi za Congress, yaani bunge la Marekani. Kilichofuata unaweza kukikisia. Wachapaji wa chuki walikichapa upya, safari hii na maelezo kwamba kiapo kimenakiliwa kutoka kumbukumbu za Congress. Na kweli kilikuwamo, kama mfano wa uzushi!

Knights waliwapeleka wachapaji mahakamani mji baada ya mji. California walifanya jambo ambalo kwangu ni la kijasiri kuliko kesi zote: waliwakabidhi Freemason mashuhuri maandishi yao ya siri wayasome yote. Hao wapinzani wao wa jadi wakatangaza kwamba hakuna kiapo cha aina hiyo. Mwaka 1914 chama kiliunda tume ya kupambana na chuki za kidini. Hata hivyo kijikaratasi kiliendelea kuishi. Al Smith, gavana wa New York na mwanachama wa Knights, alipogombea urais mwaka 1928, kilitoka tena, kikapita vijijini na kwenye masanduku ya barua. Smith alishindwa vibaya na Herbert Hoover. Uchumi ulikuwa mzuri wakati huo na chama cha Hoover kilikuwa na nguvu, kwa hiyo si haki kuupa udini peke yake lawama zote, lakini hakuna mwanahistoria makini anayeuacha nje.

Vita, Klan na mahakama

Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, Knights walipata fursa ambayo hakuna gazeti lingeweza kuwapa. Walijenga vibanda vya mapumziko kwenye kambi za askari nyumbani na Ulaya, na mlangoni palikuwa na tangazo: wote mnakaribishwa, kila kitu ni bure. Kahawa, sigara, karatasi za barua, masumbwi, misa kwa aliyetaka. YMCA, jumuiya ya vijana Wakristo iliyoendesha maduka ya kambini kwa ombi la jeshi, iliuza vitu vyake, na askari wakaisema sana. Emmett Scott, Mmarekani mweusi aliyekuwa mshauri wa Wizara ya Vita, aliandika mwaka 1919 kwamba Knights, tofauti na mashirika mengine ya huduma, hawakuchora mstari wa rangi kwenye vibanda vyao.

Askari walirudi, na Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe wabaguzi lililofufuka mwaka 1915, likawa limenenepa. Klan hii ya pili iliwachukia weusi, Wayahudi na Wakatoliki kwa pamoja, na katika majimbo kadhaa ya kaskazini na magharibi Wakatoliki ndio waliokuwa shabaha ya kwanza. Birmingham, Alabama, tarehe 11 Agosti 1921, Padre James Coyle, aliyekuwa mlezi wa kiroho wa Knights mjini hapo, alipigwa risasi kwenye baraza ya nyumba yake. Muuaji, Edwin Stephenson, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na mwana Klan. Sababu: saa chache kabla, padre alikuwa amemfungisha ndoa binti yake Stephenson na Pedro Gussman, Mkatoliki kutoka Puerto Rico. Wakili wa utetezi, Hugo Black, alimwita Gussman mahakamani huku mapazia yameshushwa ili ngozi yake ionekane nyeusi zaidi mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Stephenson aliachiwa huru. Black aliingia Klan miaka michache baadaye, na mwaka 1937 akateuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi.

Oregon nako, mwaka 1922, wapiga kura walipitisha sheria ya kumlazimisha karibu kila mtoto kusoma shule ya serikali. Klan iliiunga mkono kwa nguvu zake zote kwa kuwa ingezifunga shule za Kikatoliki. Masista wenye shule walikwenda mahakamani, Knights wakasaidia gharama, na mwaka 1925 Mahakama Kuu ikaifuta sheria hiyo bila jaji hata mmoja kupinga, ikisema mtoto si kiumbe cha serikali tu. Hukumu hiyo, Pierce dhidi ya Society of Sisters, hadi leo ndiyo nguzo ya mzazi yeyote wa Marekani anayetaka kuchagua shule ya mwanawe, Mkatoliki au la. Kwa mizani yangu huu ndio mchango wao mkubwa zaidi katika sheria za nchi ile, kuliko yote wanayojisifia wenyewe.

Nani alibaki nje

Katika miaka hiyohiyo tume ya historia ya Knights ilifanya jambo lisilotarajiwa. Iligharimia mfululizo wa vitabu kuhusu mchango wa makabila na jamii mbalimbali katika kuijenga Marekani: kimoja juu ya Wajerumani, kimoja juu ya Wayahudi, na kimoja juu ya watu weusi, kilichotoka mwaka 1924. Mwandishi wa hicho cha mwisho alikuwa W.E.B. Du Bois, msomi mweusi mwenye kalamu kali kuliko wote wa zama zake, na wala hakuwa Mkatoliki.

Lakini kwenye matawi mambo yalikuwa mengine. Katiba ya chama haikusema popote kwamba mtu mweusi asiingie. Haikuhitaji kusema. Maombi yalipigiwa kura ya siri kwa vijipira vyeupe na vyeusi, na vijipira vyeusi vitano vilitosha kumkataa mtu bila kutoa sababu. Wakatoliki weusi hawakusubiri. Mwaka 1909 huko Mobile, Alabama, mapadre wa shirika la Josephite pamoja na walei weusi walianzisha Knights of Peter Claver, kwa jina la Mjesuiti aliyewahudumia watumwa wa Kiafrika bandarini Cartagena. Chama hicho kipo mpaka leo, makao yake New Orleans.

Mwaka 1963 jambo lililipuka. Tawi moja la Chicago lilimkataa mwombaji mweusi mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilele cha elimu ya Kikatoliki Marekani. Viongozi sita wa tawi wakajiuzulu na magazeti ya nchi nzima yakaandika. Mwaka uliofuata mkutano mkuu ulibadilisha kanuni: kumkataa mtu kukahitaji theluthi moja ya kura. Utetezi wa kwamba katiba ilikuwa safi siku zote ni kweli, na haumsaidii mtu. Chama kilichoteswa nusu karne na kijikaratasi cha siri kilikuwa na kijipira cha siri chake chenyewe.

Bendera

Kiapo ambacho watoto wa shule wa Marekani huitolea bendera kiliandikwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, mchungaji wa Kibaptisti, kwa ajili ya sherehe za miaka 400 ya safari ya Columbus. Hakikumtaja Mungu. Mwaka 1951, Vita Baridi ikiwa imepamba moto, bodi ya Knights iliamua kwamba katika mikutano ya ngazi ya nne wataongeza maneno ya kusema taifa liko chini ya Mungu, kisha wakaanza kuwasukuma wabunge. Februari 1954 mchungaji wa Kipresbiteri, George Docherty, alihubiri jambo hilohilo Rais Eisenhower akiwa kanisani, na tarehe 14 Juni mwaka huo rais akatia saini sheria ya kuyaongeza maneno hayo. Nani alikuwa na uzito zaidi, Knights au Docherty? Knights walipanda na Docherty akavuna, ndivyo nionavyo. Kilicho wazi ni kwamba watu ambao nusu karne nyuma walizushiwa kiapo cha kuiangamiza nchi sasa walikuwa wamechangia maneno ndani ya kiapo cha nchi.

Mwaka 1960 John Kennedy, mwanachama wao, alichaguliwa kuwa rais, baada ya kuwahakikishia wachungaji wa Houston kwamba hatapokea amri kutoka Roma. Mlango ambao chama kilikuwa kikiugonga tangu 1882 ulikuwa umefunguka.

Na hapo ndipo ugumu wa leo ulipoanzia. Columbus aliyekuwa ngao amekuwa mzigo. Juni 2020 sanamu yake iliondolewa Wooster Square, New Haven, mji uleule wa makao makuu, na Oktoba mwaka huohuo McGivney akatangazwa mwenyeheri. Fedha za chama, zilizowahi kulinda shule za masista, mwaka 2008 zilichangia zaidi ya dola milioni 1 kwenye kura ya California ya kuzuia ndoa za jinsia moja, na zimenunua zaidi ya mashine 1,000 za ultrasound, za kumwonyesha mtoto aliye tumboni, kwa vituo vinavyowashawishi wajawazito wasitoe mimba. Hicho si tena kikundi cha wahamiaji wanaoomba kuvumiliwa. Ni taasisi tajiri yenye msimamo.

Basi Desemba 2018, baada ya Brian Buescher kuteuliwa kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho Nebraska, maseneta wawili, Mazie Hirono na Kamala Harris, walimtumia maswali ya maandishi kuhusu uanachama wake. Harris alitaka kujua kama alipojiunga alifahamu kwamba chama kinapinga haki ya mwanamke kutoa mimba. Hirono aliuliza kama atajitoa akithibitishwa. Wakatoliki wengi walisikia humo sauti ya 1913. Januari 2019 Seneti ilipitisha bila kupingwa azimio kwamba kumnyima mtu wadhifa kwa sababu ya uanachama wa Knights ni kuvunja katiba, inayokataza kipimo cha dini kwa watumishi wa umma.

Swali la Harris na swali la Hirono hayalingani, ingawa wengi huyaweka kapu moja. Chama kinachotoa mamilioni kwenye kura za siasa hakiwezi kushangaa kikiulizwa kuhusu siasa, na mwanachama anayetaka kuwa jaji anaweza kuulizwa atazihukumu vipi kesi hizo. Kumtaka aache chama chenyewe, pamoja na bima, samaki wa Ijumaa na wajane, ni dai la namna nyingine kabisa. Buescher alithibitishwa Julai 2019.